Siku Tuliyomlilia Kondo

Watu wa Kilosa wakiniona nimevaa nguo za mtu, wanajua huyo mtu amekufa. Ndiyo kazi yangu, ukiacha ile ya jukwaani. Babu yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge, akasahau njia ya kurudi, na sisi Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Akifa Msagara, naitwa. Navaa nguo za marehemu, natembea mwendo wake, nakohoa kikohozi chake, nawagombeza wafiwa kwa maneno yake mwenyewe, na watu waliokuwa wamevimba macho wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wenyewe wanasema hawajawahi kuona msiba ukanoga bila Bibiana.

Sasa Alhamisi ile nilivaa nguo za Kondo, na Kondo alikuwa hai, amelala chumbani amegeukia ukutani. Mpaka leo sijui vizuri nilikuwa nafikiri nini.

Kondo ndiye mpiga ngoma mkuu wa kikundi chetu cha Mkondoa. Paulo ni kiongozi, Kitashu anaimba na kuruka vya kwao Wamasai, mimi nachekesha na kuitikia, lakini Kondo asipokuwepo sisi wote ni watu waliovaa manyoya juani. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tunakwenda Mikumi kila Jumamosi, kwenye hoteli moja nje kidogo ya hifadhi, kuwachezea wageni wakirudi kutazama wanyama. Halafu mambo yakayumba. Wageni wakawa wanaahirisha safari, mara kwao kuna mambo, mara kwetu kuna mambo. Goodhope, kijana anayeshughulikia burudani pale hotelini, hakutuambia hata siku moja kwamba kazi imekwisha. Angetuambia tungelia, tukamaliza, tukaenda kulima. Yeye alikuwa anatuma sauti kwenye simu ya Paulo, kwa upole kabisa: endeleeni kuwa tayari, nitawajulisha.

Basi tukawa tayari. Ijumaa mazoezi, Jumamosi asubuhi tumekalia magunia ya mavazi kando ya barabara tukisubiri gari la hoteli, jua likipanda simu inaita: samahani sana, labda wiki ijayo. Wiki ijayo hivyo hivyo. Mara moja gari lilikuja kweli, tukafika mpaka kijiji cha Ulaya, dereva akapigiwa simu akageuza. Nilimuuliza Paulo kama tumefukuzwa au tuna kazi, akasema naye angependa kujua. Ukikutana na mtu sokoni akakuuliza mnaendeleaje, hujui ujibu nini. Ukisema tunaendelea, unadanganya. Ukisema tumesimama, unadanganya pia.

Katikati ya hayo akaja Dada Grace kutoka Morogoro, na semina ya wasanii. Mada ilikuwa kujenga ustahimilivu wa akili katika kipindi kisichotabirika. Tulikaa kwenye ukumbi wa kukodi, tukapewa soda na maandazi, akatufundisha kutenganisha tunayoyaweza na tusiyoyaweza, kupumua polepole, kutokaa peke yetu na mawazo. Mimi nilikuwa nambishia kichwani. Pumzi tunazo, nilisema moyoni, tulichokosa ni jibu. Lakini alikuwa dada mwema, anasikiliza mtu mpaka mwisho, na Kondo aliyekuwa kimya siku nzima akanyoosha mkono.

"Mtu akichoka kusubiri," aliuliza, "na hata hajui anasubiri nini, afanyeje?"

Dada Grace aliweka kalamu chini. Alimtazama, akafungua mdomo amjibu, na papo hapo simu ya Paulo ikaita. Ni Goodhope. Ukumbi mzima tulisimama, tukamzunguka Paulo, na habari yenyewe ilikuwa ile ile ya kuendelea kuwa tayari. Tuliporudi kwenye viti soda zilikuwa zimeishiwa gesi na hakuna aliyekumbuka swali. Nilimwona Dada Grace akimfuata Kondo pembeni wakati wa kuondoka, akampa namba yake. Kondo aliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeagwa.

Jumamosi iliyofuata gari halikuja. Kondo alibeba ngoma zake akarudi kwa mama yake, Bi Semeni, akaingia chumbani akalala. Hakuamka. Maji alikuwa anakunywa, chakula anachokonoa, akisemeshwa anaitika, lakini kutoka hatoki. Walimpima malaria hakuna. Bi Semeni akasema mwanawe amefanyiwa kitu na watu wenye kijicho. Paulo akasema ni kiburi, mbona sisi wengine tunavumilia. Kitashu akasema huyo apelekwe wiki mbili akachunge, ng'ombe hawamruhusu mtu kulala. Kila mmoja alikuwa na uhakika wake, na mimi nilikuwa nawaamini wote kwa zamu. Nikitoka kwa Bi Semeni naona ni uchawi, nikikutana na Paulo naona ni kiburi kweli, nikilala naona ni kitu kingine ambacho sina jina lake.

Alhamisi hiyo nilikwenda kumjulia hali kama kawaida. Nilimkuta Bi Semeni uani, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia umtazame, mimi nimechoka kutazama."

Niliingia. Nilimtania kama tunavyotaniana siku zote, nikamwambia Wasagara wavivu nawajua lakini yeye amepita kiasi. Siku nyingine angenijibu kwamba babu yangu alikuja hapa na mzigo kichwani, niwe na adabu. Safari hii alisema tu, "Kweli, mtani." Mtani ukimtukana akakukubalia, unaogopa. Mimi niliogopa, na ninavyojijua, nikiogopa nakasirika.

Nikatoka uani nimefura. Kwenye kamba kulikuwa na nguo zake za onyesho, Bi Semeni alikuwa amezifua, maana na yeye alikuwa anasubiri Jumamosi. Kaniki, kizibao chenye simbi, kofia ya manyoya, njuga zimening'inizwa kwenye msumari. Nikazivaa. Sikupanga. Nilijisemea kwamba kama hataki kuja kwetu, basi Kondo wa ngomani atamfuata dirishani kwake, ajione alivyo. Hilo lilikuwa wazo langu lote, kama lilikuwa wazo.

Nikaanza. Nilitembea anavyotembea, bega la kushoto limetangulia kwa ajili ya ule mkanda wa ngoma. Niliwasalimia akina mama wa kufikirika kwa mikono miwili. Nilipasha ngoma moto, nikaiinamia nikiigonga kwa kidole kimoja na kutega sikio, nikaipeleka tena motoni, nikaigonga, nikaguna. Nilimfokea Paulo kwa kuchelewa kuingia, nikamfokea Bibiana kwa kuwahi. Watoto wakajaa. Majirani wakaja na mikono yenye unga, wakacheka, hata Bi Semeni alicheka, akajipiga paja, kisha nikaona anakunja uso polepole kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu jikoni.

Alichokikumbuka yeye, mama mmoja aliyekuwa anapita njiani na mzigo wa miwa alikikumbuka kwa haraka zaidi. Alisimama, akaniangalia, akaangalia nguo. Miwa ikaanguka chini. Akashika kichwa akapiga ukunga wa msiba, akiuliza Kondo amekufa lini, mbona hatukuambiwa.

Nilimwambia hajafa. Nilimwambia yupo ndani amelala tu. Hapo ndipo nilipogundua nimejiingiza kwenye shimo, kwa sababu hayo ndiyo maneno ninayosema kwenye kila msiba. Mtani akifika hukataa kwamba mtu amekufa: huyu hajafa, huyu mvivu, anakwepa zamu ya kulima, mwamsheni. Kila mtu pale alishanisikia nikisema hivyo juu ya baba yake au mjomba wake. Nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa kwa huzuni, na mzee mmoja akasema, "Leo Bibiana ameumia, hata utani haumtoki vizuri."

Bodaboda aliyekuwa amesimama barabarani aliondoka na habari. Sikumwona akiondoka, niliona tu matokeo. Watu walianza kuja wakitokea sokoni. Wanaume wakashusha benchi kutoka kwa jirani, wanawake wakaja na mikeka, ndoo na unga, mtu akaja na turubai akauliza lifungwe upande gani. Kijana wa msikitini aliuliza kwa heshima kama mwili umeshaoshwa. Bi Semeni alikuwa anasema "mwanangu mzima, mwanangu mzima," lakini mama aliyefiwa husema hivyohivyo, kwa hiyo wenzake wakamkalisha mkekani wakamshika mikono. Nilimkimbilia, nikamwambia mama waambie, akanitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena.

"Unamzika mwanangu, Bibiana," alisema. "Mbona unamzika mwanangu?"

Nilitaka kuvua zile nguo, lakini chini yake nilikuwa na gauni langu limepandishwa vibaya, na nilishindwa hata kufungua njuga. Kitashu akafika mbio, alikuwa mnadani. Akaja Paulo, simu mkononi, analia waziwazi, mtu aliyekuwa anasema ni kiburi. Alisema ameshawapigia wote, hata Mikumi.

Nikamwambia, "Paulo, Kondo yuko hai."

Akanikumbatia akasema najua, najua, mioyoni mwetu yuko hai. Nusura nimpige kofi.

Na hapo mlango wa chumba ukafunguka.

Alitoka na msuli na fulana, amekonda, amekinga macho kwa mkono kwa sababu ya jua. Mama wa miwa alikaa chini. Kijana wa msikitini alisogea nyuma akikanyaga masufuria. Kitashu peke yake alimwendea, akamgusa shavu kwa vidole kama anayemkagua ndama, akarudi akatuambia ana joto.

"Amekufa nani?" Kondo aliuliza.

Aliangalia turubai, akaangalia mikeka, akamwangalia mama yake, kisha macho yake yakanifikia mimi na kofia yake kichwani kwangu, na nikaona ameelewa. Nilisubiri anitukane. Niliomba anitukane.

"Endelea," alisema. "Nataka kuona unavyomalizia."

Sauti yake haikuwa na hasira wala utani. Aliketi kwenye ngazi ya mlango kama mgeni aliyelipa kiingilio. Na mimi, miaka yote hii ya jukwaa na misiba, nikasimama pale sijui niweke wapi mikono. Maana marehemu wangu wote nawajua mwisho wao. Naanza na mwendo, naja na sauti, namaliza na ile siku waliyoanguka, na watu wanapiga makofi na kulia. Huyu sikumjua mwisho wake. Nilimtazama anavyonitazama, kwa hamu, kama mtu aliyekosa jibu kila mahali na sasa anadhani mimi ninalo, na ndipo nikaelewa lile swali lake la ukumbini lilikuwa linauliza nini.

"Sijui," nilimwambia. "Mtani, sijui unamaliziaje."

"Mimi nilishaamua," alisema taratibu, karibu niseme kwa aibu. "Nilikuwa nangoja tu mama aende sokoni. Siku hizi haendi."

Bi Semeni alilia. Hakulia kilio cha msiba, alilia tu kama mtoto, na wanawake waliokuwa wamemshika mikono hawakuiachia. Mimi nilimpokonya Paulo simu nikapita nyuma ya nyumba, nikampigia Dada Grace. Sikumsalimia hata. Aliniuliza mambo machache bila kupandisha sauti, akasema mawili tu: asiachwe peke yake hata kidogo, na asubuhi apelekwe hospitali ya wilaya aonane na daktari wa afya ya akili, yeye atampigia atusubiri. Nikamuuliza ana nini, ni uchawi, ni kiburi, ni nini. Akasema ni ugonjwa, unatibika, na kwamba mimi pia ninywe maji. Nikaona nimemchukia bure siku ile ya semina.

Niliporudi uani nilikuta watu wameanza kuinuka, wenye aibu wakitafuta kandambili zao. Ni Bi Semeni aliyewazuia. Alijifuta uso kwa upande wa khanga akawaambia hakuna wa kuondoka. "Mmekuja kumlilia," alisema. "Basi mlilieni sasa, anasikia."

Wakakaa. Hawakujua la kufanya, nani angejua, kwa hiyo walifanya wanalolijua. Wanawake wakakoroga ugali, wanaume wakasogeza benchi karibu na Kondo. Kisha mzee mmoja akainuka, akampa mkono, akamwambia pole. Kondo akajibu nimeshapoa. Akaja mwingine, pole, nimeshapoa. Walipanga mstari wote, wakampa pole mtu kwa kifo chake mwenyewe, na mama wa miwa alipofika zamu yake alishindwa kusema akamshika tu kichwa. Kuna waliokuwa wanacheka, kuna waliokuwa wanalia, na wengine nadhani hata wenyewe hawakujua wako upande gani. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Wakati tunakula simu ya Paulo ilitoa mlio. Goodhope, sauti ndefu. Alisema wamepokea kwa mshtuko mkubwa habari za marehemu Kondo, na kwa heshima yake hoteli imefuta onyesho la Jumamosi pamoja na mengine yote mpaka itakapotangazwa tena. Paulo aliifungulia kwa sauti ya juu bila kujua kilichomo, akabaki ameshika simu mbele yake kama kitu cha moto.

"Wamefuta," Kondo alisema.

"Wamefuta," alisema Paulo.

"Kumbe wanaweza kujibu."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha kwanza tangu siku ile ya kando ya barabara, na uani kote watu walimfuata kucheka kwa furaha. Mimi sikucheka. Nimeuza vicheko maisha yangu yote na kile sikukiamini, hakikuwa cha kupona wala cha kuumwa. Nilihesabu tu kwamba bado jua lipo na kuna usiku mzima mbele yetu.

Jua lilipokuwa linashuka watu wakaanza kuaga kweli, kila mmoja akiahidi kurudi kesho. Paulo alikwenda kutafuta gari la asubuhi la hospitali. Kitashu alikuwa uani akisaidia kukunja turubai. Bi Semeni alikuwa anaswali. Nilikuwa nimeketi chumbani kwa Kondo, mwishowe nimevaa gauni langu tu, na yeye amekaa kitandani, ndipo aliposimama akasema anatoka kidogo, anakwenda mtoni kunyoosha miguu. Nikasema twende wote. Akasema anataka kwenda peke yake, asichungwe kama mtoto, na alisema kwa utulivu hivi kwamba sikujua kama nimwamini. Labda alitaka kunyoosha miguu tu. Nilitafuta kichwani yale aliyotufundisha Dada Grace, sikupata hata moja, nilipata la kwetu.

Kwenye misiba ya Wasagara Waislamu sisi wanawake hatuendi makaburini. Kazi yangu ya mwisho ni mlangoni. Jeneza likitaka kutoka, mtani analala kizingitini, anakataa lisipite, mpaka wafiwa wampe chochote aridhike, shilingi kidogo au kuku. Ni mchezo, kila mtu anajua atainuka.

Nililala chini, kizingitini, miguu huku kichwa kule.

Kondo alisimama juu yangu. "Inuka nipite, mtani."

"Sitoki."

"Mimi si maiti."

"Najua. Maiti ningelipwa nikainuka," nilimwambia. "Wewe uko hai. Hakuna mwenye cha kunipa."

Niliziona nyayo zake karibu na uso wangu, zina vumbi la siku zote alizokaa ndani bila kutawadha, na nilikuwa sijui kabisa kama atanivuka. Angetaka angenivuka, mimi si mlima.

"Basi sogea nikae," alisema.

Nikasogea akakaa. Lakini miguu niliiacha palepale mlangoni.